Uzamivu na Ualimu: Mhadhara juu ya Matayarisho ya Wanaowafundisha Wauguzi



Nimetakiwa niseme nanyi juu ya elimu ya uzamivu kwa wale wanaowafundisha wauguzi, jambo ambalo kwa mtu asiyelizoea laweza kuonekana ni la watu wachache waliojifungia katika vyumba vya vyuo vikuu. Lakini kila mmoja wetu aliyemo ukumbini humu, au mzazi wake, au mwanawe, amekwisha kulala katika kitanda cha wadi au atalala, na siku hiyo muuguzi atakayemwangalia usiku wa manane, tabibu akiwa nyumbani kwake, atakuwa ni mwanafunzi wa mwalimu fulani, na ubora wa mwalimu huyo utakuwa umekwisha amuliwa miaka mingi nyuma na watu waliokaa mezani wakaandika masharti ya shahada. Masharti hayo ndiyo niliyoyajia leo. Dai langu ni jepesi kulitaja, ijapokuwa si jepesi kulitimiza: kwamba shahada ya uzamivu, kama itolewavyo hapa kwetu na huko tulikoipata, yamfunza muuguzi kutafiti wala haimfunzi kufundisha, kisha yampeleka mbele ya wanafunzi kana kwamba mambo hayo mawili ni mamoja.

Haikuwa hivyo tangu azali. Katika vyuo vikuu vya kale vya Ulaya, kama vile Bologna na Paris, udaktari ulikuwa ni idhini ya kufundisha, wala hakupewa mtu ila baada ya kuketi mbele ya walimu wake, akafasiri, akahojiwa, akajibu, ikathibiti kwamba aweza kuachiwa wanafunzi wa watu. Sisi wa pwani hatuna haja ya kwenda Bologna ili kulifahamu jambo hili, maana ijaza ya maulamaa wetu ni ya ukoo huo huo: katika darsa za Lamu, na hasa zile zilizostawi katika Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Saleh, mwanafunzi hukisoma kitabu mbele ya shekhe wake, akasahihishwa matamshi na maana, akakifasiri kwa ulimi wake mwenyewe, hata itakaporidhika nafsi ya shekhe ndipo aruhusiwe kukisomesha kwa wengine. Elimu na ruhusa ya kuisomesha zilikuwa zikitoka kwa mkono mmoja, na aliyeitoa ruhusa alikuwa amemwona mwenye kuipewa akifundisha.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1810, mjini Berlin, Wilhelm von Humboldt na wenzake waliasisi chuo kikuu ambacho mwalimu wake alitakiwa kwanza awe mtafutaji wa elimu mpya, na mwanafunzi wake aketi karibu naye auone utafutaji huo unavyofanywa. Ikawa udaktari wa falsafa ni cheti cha mtu aliyeongeza jambo katika hazina ya elimu, na ushahidi wake ni tasnifu. Wamarekani waliokwenda kusoma Ujerumani wakarudi na mtindo huo: Yale walitoa shahada hizo kwa mara ya kwanza mwaka 1861, na mwaka 1876 kikafunguliwa mjini Baltimore Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kilichojengwa juu ya msingi wa Kijerumani kikawa kielelezo kwa vyuo vingine vya nchi ile. Sharti la kuthibitisha kwamba mtahiniwa aweza kufundisha likaondoka pole pole bila ya mtu kulifuta, kwa dhana kwamba ajuaye sana atafundisha vyema. Na dhana hiyo, ambayo kila aliyewahi kukaa mbele ya mwanachuoni asiyefahamika ajua kuwa si ya kweli, yaendesha vyuo vikuu hata leo.

Wauguzi waliingia katika habari hii kwa mlango mwingine kabisa. Shule ya Florence Nightingale, iliyofunguliwa mwaka 1860 katika hospitali ya St Thomas' mjini London, iliwafundisha wasichana kwa kuwaweka wadini chini ya masista. Na mtindo huo ulipoenea ulimwenguni uliharibika mahali pengi, kwa kuwa wenye hospitali waligundua kwamba mwanafunzi ni mtumishi asiyedai mshahara wa haja, hata somo likawa ni kile kinachobaki baada ya sakafu kupigwa deki na wagonjwa kuogeshwa. Miongoni mwa waliolitazama jambo hili bila ya kulionea haya walikuwamo wanawake wawili wa hospitali ya Johns Hopkins, wote wazaliwa wa Kanada: Isabel Hampton, aliyeiongoza shule ya wauguzi ya hapo tangu ilipofunguliwa mwaka 1889, na mwanafunzi wake Adelaide Nutting, aliyehitimu na kundi la kwanza mwaka 1891 na baadaye akashika nafasi yake. Waliona kwamba mtu hawi mwalimu kwa sababu tu ya kuwa sista hodari wa wadi, kama vile asivyokuwa sista hodari kwa sababu tu ya moyo mwema; kila kazi ina maandalio yake. Kwa juhudi zao na za wenzao ikaanzishwa mwaka 1899, katika Chuo cha Ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kozi ya kuwatayarisha wauguzi waliokwisha hitimu ili waongoze na kufundisha katika shule za hospitali. Waliojiandikisha mwanzoni walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 1907 Nutting aliitwa katika chuo hicho kushika cheo cha profesa, akiwa muuguzi wa kwanza duniani kukipata.

Nawaomba mlikumbuke jambo hilo la Chuo cha Ualimu, maana aghalabu huelezwa kama tukio la bahati tu, eti kwamba wauguzi walikwenda kwa walimu kwa kuwa hapakuwa na kitivo kingine cha kuwapokea. Kuna ukweli hapo. Lakini wale wanawake walikuwa wamelifikiri jambo lao. Walilotaka kwanza katika elimu ya juu lilikuwa ni kufundisha vyema, na hayo mengine ya utafiti yangekuja nyuma yake. Mwaka 1923, kamati iliyoongozwa na C.-E. A. Winslow, na katibu wake Josephine Goldmark, ilipotoa ripoti yake mashuhuri juu ya uuguzi na elimu ya uuguzi katika Marekani, ilisema wazi kwamba wanaowafundisha na kuwasimamia wauguzi wapaswa kupata mafunzo ya ziada yaliyo yao hasa. Udaktari wa kwanza uliowafungukia wauguzi wa nchi ile ulifuata njia hiyo hiyo: miaka ya 1920 na 1930 muuguzi aliyetaka kupanda hadi daraja ya juu kabisa aghalabu alikuwa daktari wa elimu, mwenye kusoma saikolojia ya mwanafunzi, kuunda mitaala na kutahini.

Kisha ikaja haya. Sitalitumia neno jingine, ijapokuwa najua kwamba wako watakaolichukia. Wauguzi walipoketi katika mabaraza ya vyuo vikuu pamoja na wanakemia na wanasosholojia, waliulizwa: elimu yenu ni ipi? Mnafundisha, sawa, lakini mnafundisha nini ambacho tabibu hajakisema? Swali lilikuwa na ufidhuli ndani yake, lakini lilihitaji jibu. Kuanzia mwaka 1962 serikali ya Marekani ikatoa fedha za kuwasomesha wauguzi udaktari katika fiziolojia, sosholojia, anthropolojia na sayansi nyinginezo, ili wawe wanasayansi waliotokana na uuguzi; na katika miaka iliyofuata zikazaliwa programu nyingi za udaktari wa falsafa katika uuguzi wenyewe. Ualimu ukasukumwa pembeni kama nguo ya nyumbani ambayo mtu haivai mbele ya wageni.

Wala sisemi kwamba jibu lililotolewa halikuwa na thamani, kwani nitakuwa nimewadhulumu. Mwaka 2002 Linda Aiken, muuguzi na mwanasosholojia, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, ulioonyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa juu ya mzigo wa muuguzi huambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Na mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba pale ambapo wauguzi wenye shahada ya kwanza ni wengi zaidi, vifo ni vichache zaidi. Hoja ya aina hiyo haiwezi kujengwa na mtu asiyefunzwa kutafiti kwa dhati, na mawaziri wa afya hawasikii hoja nyingine. Basi utafiti ubaki, na uheshimiwe. Lakini tazameni ule utafiti wa pili unavyosema: elimu ya muuguzi huokoa roho. Nani basi anayeitoa elimu hiyo, naye amefunzwa na nani kuitoa?

Mwaka 2004 shirikisho la vyuo vya uuguzi vya Marekani likapitisha azimio la kuanzisha udaktari wa pili, wa utendaji wa uuguzi, kwa ajili ya wale watakaofikia kilele cha kazi yao katika kutibu na kuongoza. Na likataraji kwamba kufikia mwaka 2015 hiyo ndiyo itakayokuwa njia ya kuingia katika daraja za juu za utendaji. Ikawa sasa kuna udaktari wa kutafiti na udaktari wa kutenda, na wenye kuuandika huu wa pili hawakuficha: walisema kwamba mhitimu wake atakayetaka kufundisha ajitafutie mafunzo ya ziada ya ualimu, kwa kuwa shahada yenyewe haikuwekwa kwa ajili hiyo. Na wa kwanza nao umewekwa kwa ajili ya utafiti. Lakini wahitimu wa pande zote mbili huishia wapi? Wengi huishia darasani, kwa kuwa shule za uuguzi zina njaa ya walimu na kila shule yataka walimu wenye udaktari. Nayo ripoti kuu ya mwaka 2010 juu ya mustakabali wa uuguzi, iliyotolewa na Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo, ilitaka idadi ya wauguzi wenye udaktari iongezwe maradufu ifikapo mwaka 2020. Wakahimizwa watu wapande ngazi mbili, na juu ya ngazi zote mbili wakakuta kazi ambayo hakuna hata moja iliyowatayarisha nayo.

Ni mwaka huo huo wa 2010 ambapo Patricia Benner na wenzake watatu, kwa niaba ya Wakfu wa Carnegie wa kuendeleza ufundishaji, walitoa kitabu chao juu ya kuwaelimisha wauguzi. Walikwenda katika shule, wakakaa darasani, wakafuatana na wanafunzi wadini. Waliyoyaona darasani yaliwasikitisha: mwalimu anasoma maandishi yaliyotupiwa ukutani kwa mashine, orodha juu ya orodha, dalili za maradhi zikifuatana na majina ya dawa, na wanafunzi wakinakili kwa ajili ya mtihani, na mwalimu huyo huyo, afikapo kando ya kitanda, mara nyingi anakuwa mtu mwingine, anauliza, anasubiri, anamfanya mwanafunzi afikiri. Miongoni mwa mapendekezo yao ni kwamba masomo ya ualimu yaingizwe katika programu zote za uzamili na uzamivu wa uuguzi. Tangu hapo miaka imepita, na baadhi ya vyuo vimefanya hivyo. Chuo kile kile cha Ualimu cha New York kimerudisha udaktari wa elimu ya uuguzi. Lakini mahali pengi somo hilo bado ni la hiari, na mwanafunzi wa uzamivu aliyebanwa na tasnifu hulikimbia kama akimbiavyo lolote lisilomfikisha kwenye kofia ya mahafali.

Hapa nataka nikawie kidogo, maana ni rahisi kusema kwamba ualimu ni ujuzi, ikawa mtu hajaonyeshwa ujuzi huo wafananaje. Lee Shulman, aliyepata kuuongoza wakfu huo wa Carnegie, alieleza mwaka 1986 kwamba iko elimu ambayo ni ya mwalimu peke yake: si elimu ya somo, wala si hila za jumla za kutuliza darasa, bali ni kujua somo hili hasa linakwama wapi katika kichwa cha anayejifunza, na kwa swali gani litakwamuka. Tuitazame elimu hiyo ikifanya kazi.

Chukueni wadi ya wazazi, saa za alasiri. Mwanafunzi wa mwaka wa pili amepewa mama aliyejifungua saa mbili zilizopita. Amempima kila kipimo alichoagizwa, ameandika katika chati kwa mwandiko safi, na sasa anamwendea mwalimu wake. “Mwalimu, presha ni 110 kwa 70, mapigo ni 118, joto ni la kawaida. Anaendelea vizuri.” Mwalimu wa kwanza, ambaye ni daktari wa falsafa na anajua juu ya kutokwa na damu baada ya uzazi kuliko mtu yeyote katika jengo lile, aitazama chati, aona 118, ashtuka, aenda mwenyewe mbio kwa mgonjwa, atoa amri, aokoa roho, na mwanafunzi amebaki amesimama na kalamu yake, ajua tu kwamba amekosea, wala hajui alikosea wapi. Mgonjwa amepona leo. Lakini mwanafunzi huyu, akiwa zamu ya usiku katika kituo cha afya cha mbali mwaka ujao, ataandika tena: anaendelea vizuri.

Mwalimu wa pili naye aiona 118. Aondoka pale pale kuelekea kitandani, lakini aondoka na mwanafunzi, na wakiwa njiani auliza: “Mwanangu, presha haijashuka. Mbona moyo unakwenda mbio?” Swali hilo halikuokotwa. Mwalimu ajua kwamba wanafunzi wote wa mwaka wa pili huitegemea presha, kwa kuwa ndiyo iliyotiwa mkazo darasani, na kwamba hawajasadiki kwamba mwili wa mama kijana huweza kuishikilia presha kwa muda huku damu ikipotea, na moyo ndio unaolipa gharama. Wamefika kitandani. “Umetazama chini yake?” Hakutazama; alimwona mama amejifunika khanga zake mbili, amenyamaza, akamwonea haya kumfunua. Wanafunua: khanga ya chini imelowa. “Weka mkono hapa, chini ya kitovu. Wasikia nini?” “Laini, Mwalimu.” “Ulitaraji uwe vipi?” “Mgumu.” Na hapo maswali yakoma. Mwalimu aita msaada, mkono wa mwanafunzi, wake ukiwa juu yake, wausugua mfuko wa uzazi hata ukaze, sindano ya oksitosini yaletwa, kibofu kilichojaa chatolewa mkojo; kwa kuwa ualimu ni pamoja na kujua dakika ambayo kufundisha kwapaswa kusimama. Baada ya saa moja, mama akiwa ametulia, wawili hao waketi pembeni na chati ile, na mwalimu asema: “Haya, nisomee tena yale mapigo, kisha uniambie ungeandika nini.”

Mtaniuliza: je, huyo wa pili hakuzaliwa hivyo? Wapo waliozaliwa hivyo, kama wapo waliozaliwa na sauti ya kuimba. Lakini hayo niliyoyaeleza yanaweza kuchanganuliwa na kufunzwa. Christine Tanner, wa Oregon, alionyesha mwaka 2006 kwamba hukumu ya muuguzi juu ya hali ya mgonjwa ina sehemu zake: kuona kilicho tofauti, kukifasiri, kukitendea, na kulitafakari tendo wakati wa kulitenda na baada yake. Mwanafunzi wetu hakuanguka katika kutenda. Alianguka katika kuona, na mwalimu asiyejua kupambanua hayo atamkaririsha dawa za kuzuia damu usiku kucha bila ya faida yoyote.

Na hata mashine hazituondolei sharti hili, ijapokuwa wako wanaotaraji hivyo. Siku hizi vyuo vyenye uwezo hununua midoli ya kujifunzia inayopumua na kutoa damu. Mwaka 2014, baraza la kitaifa la usajili wa wauguzi la Marekani lilitoa matokeo ya utafiti uliofuata wanafunzi wa shule 10, ukaonekana kwamba mazoezi hayo yaweza kushika nafasi ya hata nusu ya saa za wadini bila ya kumpunguzia mwanafunzi ujuzi. Habari hiyo ilipokelewa kwa shangwe na wakuu wa vyuo waliokosa nafasi katika wadi. Lakini masharti yaliyokuwamo hayakupewa nafasi kubwa kama hiyo: walimu walikuwa wamefunzwa rasmi kuyaendesha mazoezi, na hasa yale mazungumzo ya baada ya zoezi, ambayo ndani yake ndimo somo linamopatikana. Ukimwondoa mwalimu huyo, umebakiwa na mdoli ghali.

Nije sasa kwetu. Bara la Afrika halikuchelewa kuufikisha uuguzi chuo kikuu: Alexandria walianza mwaka 1955, Ibadan mwaka 1965, Nairobi, mwaka 1968, palifunguliwa masomo ya stashahada ya juu kwa wauguzi, na hapa Muhimbili shahada ya kwanza ya uuguzi ikaja mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha Chuo Kikuu cha Aga Khan, kuanzia mwaka 2001, kikawapokea katika nchi zetu tatu za Afrika Mashariki wauguzi walio kazini wanaotaka kujiendeleza. Nairobi ile ya mwanzo iliwatayarisha watu kufundisha na kuongoza, yaani ilianzia palipoanzia New York. Tulipofika kwenye uzamivu, hata hivyo, tulichukua desturi ya Kiingereza: msimamizi, tasnifu, na utetezi wake mbele ya jopo. Wengi wa wauguzi wetu wa kwanza wenye uzamivu waliupata ughaibuni, wakarudi wakiwa watafiti hodari, wakakabidhiwa madarasa siku ile ile. Vyuo vikuu vyetu vingi vimeweka warsha fupi za ufundishaji kwa wahadhiri wapya, nazo ni afadhali kuliko utupu. Lakini hakuna tabibu tungemruhusu apasue tumbo kwa warsha ya wiki moja, na sioni kwa nini tuone kwamba kuunda akili ya muuguzi ni kazi nyepesi zaidi.

Zaidi ya hayo liko jambo letu wenyewe, ambalo vitabu vya Marekani haviwezi kutufundisha. Mwanafunzi wetu wa Tanzania husoma uuguzi kwa Kiingereza, hujibu mtihani kwa Kiingereza, na huandika chati kwa Kiingereza. Mgonjwa naye husema, nasikia baridi, macho yananiingia giza, moyo unanidunda. Kati ya lugha hizo mbili ndimo dalili nyingi zinamopotea, na kazi ya kuzivusha ni ya mwalimu. Sijaona mtaala wa uzamivu unaomtayarisha mtu kwa kazi hiyo. Hapo pana tasnifu si moja, kwa mwenye kutaka.

Wakati huo huo haja yazidi. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2020, lilihesabu wauguzi takriban milioni 28 ulimwenguni kote na likakadiria pengo la milioni 5.9, sehemu kubwa yake ikiwa katika nchi zenye kipato kidogo kama zetu. Na mwaka 2016 shirika hilo hilo lilikuwa limekwisha chapisha sifa ambazo mwalimu wa wauguzi yapasa awe nazo. Serikali zikisikia pengo hujibu kwa kupanua udahili. Zaongezwa nafasi za wanafunzi, zajengwa hosteli, na mkufunzi aliyekuwa akiwapeleka wanafunzi 8 wadini sasa awapeleka 25, wamezunguka kitanda kimoja hata mgonjwa haoni dirisha. Kwa upande wa vyuo vikuu, wasimamizi wa elimu ya juu wamezidi kusisitiza kwamba mhadhiri awe na uzamivu, kama ilivyotangazwa Kenya mwaka 2014. Sharti hilo ni jema, ila litakuwa na maana kwa mwanafunzi wa uuguzi ikiwa tu uzamivu wenyewe una kitu cha kumpa.

Basi napendekeza hivi. Kila muuguzi anayesoma uzamivu na kukusudia kufundisha, awekwe kwa mwaka mzima chini ya mwalimu aliyebobea, afundishe darasani na wadini mbele ya macho ya mwalimu huyo, asahihishwe kama mwanafunzi wa darsa asahihishwavyo, naye aandike alichokiona katika ufundishaji wake kwa uangalifu ule ule anaoutumia katika data za tasnifu. Tasnifu zinazochunguza ufundishaji wenyewe zipewe hadhi sawa na nyinginezo. Ernest Boyer aliwahi kutetea, mwaka 1990, kwamba kufundisha ni tawi la usomi lenye haki yake, na sioni taaluma inayohitaji kuliamini hilo zaidi ya uuguzi. Na kabla ya mtahiniwa kupanda kutetea tasnifu yake, siku moja aonekane akifundisha kando ya kitanda.

Watu wa fedha watasema kwamba hayo yataurefusha uzamivu, nami nakiri yataurefusha kwa mwaka au karibu yake. Lakini mtu huyo atafundisha kwa miaka 25 au 30, na mwaka mmoja katika hiyo si mwingi. Wenzangu wa kitivo watakuwa na hofu nyingine, hawataitamka hadharani, nayo ni kwamba maprofesa wa sayansi nyingine watatucheka tena, waseme uzamivu wa wauguzi umerudi kuwa wa ualimu. Na wacheke. Wao nao hawana wa kuwafunza wahadhiri wao, na sioni aibu ya kuwatangulia.

Swali gumu ni la nani atakayemtahini mtahiniwa kando ya kitanda. Wanaojua kufundisha hapo kuliko wote ni masista wa wadi na wakunga wa miaka mingi, ambao aghalabu wana stashahada, au shahada ya kwanza waliyoisoma usiku baada ya zamu; nao, kwa desturi iliyozoeleka katika vyuo vikuu, hawana nafasi katika jopo la uzamivu, kwa kuwa mtahini hutakiwa awe na shahada isiyopungua ile anayoitahini. Desturi hiyo ni ya haki pale inapopimwa tasnifu, na hakuna anayetaka kuigusa huko. Lakini kwa sehemu hii ya ufundishaji nataka seneti za vyuo vyetu ziandike kifungu kipya kitakachomweka sista huyo joponi, mwenye kura kamili sawa na ya profesa aliyeketi karibu naye, na mtahiniwa asiyefaulu kwake arudi wadini muhula mmoja zaidi.